Radhi Tuliyoipeleka Msata

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kadi nyekundu. Mimi. Mimi ambaye mwalimu akiita majina asubuhi ananiandika sipo, kwa kuwa sauti yangu haifiki mbele ya darasa.

Naandika kabla sijaoga, mchanga bado uko masikioni. Nataka niandike ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kunieleza ilivyokuwa.

Tulicheza na wasichana wa Msata. Raga ya watu saba, uwanja wetu wenyewe, ule wenye magoli ya mianzi. Wana mmoja anaitwa Sihaba. Mbio za swala, mdomo wa chiriku. Tangu tunapasha misuli moto alikuwa ananisema. "Wewe wa mjini, mifupa yako ya mkate wa boflo. Utaniweza mimi?" Wenzake wanacheka. Sikumjibu. Huwa sijibu. Majibu yangu yote yako humu.

Kipindi cha pili akachomoka pembeni na mpira. Baina yake na mstari nilibaki mimi tu. Nikashuka kama tunavyofundishwa – kichwa pembeni, mikono wazi, lenga kiuno. Kiuno kilikuwapo. Halafu hakikuwapo. Alikwenda chini ghafla kama mtu aliyekanyaga shimo, na pale palipokuwa na kiuno pakawa na uso. Bega langu likampata tayani. Ule mlio ninao mpaka sasa.

Akalala. Damu mdomoni. Na mimi – niseme kweli, hapa hakuna anayesoma – la kwanza kuniingia akilini halikuwa pole. Niliwaza: mjinga huyu, ameniharibia mechi.

La pili, nikakiona kiatu chake. Kimekaa peke yake nyuma kwenye mchanga, kamba imefungwa vizuri, mguu haumo. Mtu akakiokota akakitupa nje.

Refa wa kutoka Dar hakuuliza kitu. Mkono juu, nyekundu. Yasmini, kapteni wetu, akamwambia yule kaanguka mwenyewe. Refa akamuuliza na wewe unaitaka? Yasmini akarudi nyuma. Kapteni gani huyo.

Majaribio ya timu ya mkoa ni tarehe 16 Agosti. Wasiozidi miaka kumi na saba. Mwakani nitakuwa nimezidi. Wakinifungia mpaka siku hiyo, basi, imebaki kucheza rede na watoto wa jirani.

Jumapili, 6 Julai

Taya la Sihaba halikuvunjika. Ameshonwa nyuzi mdomoni, meno mawili yanacheza. Leo hospitali wamemruhusu kurudi kwao.

Bibi kasikia sokoni kabla sijamwambia. Karudi na kapu, hata buibui hajavua.

"Damu ya mtoto wa watu imemwagika kwa mkono wako?"

Nikamwambia ilikuwa bahati mbaya, Bibi, kaanguka yeye, mimi nilikuwa nimeshashuka.

"Sikukuuliza nani kakosa. Nimeuliza mkono wa nani."

Ndivyo alivyo Bibi Kibibi. Mkono uliotoa damu unakwenda kuomba radhi, uwe na kosa usiwe nalo. Marehemu babu alikwenda kuomba radhi kwa mtu aliyeangukiwa na nazi ya mnazi wake. Nazi! Nani kaituma? Lakini alivaa kanzu akaenda, na yule mtu akatufaa miaka yote mpaka akafa. Bibi hukisimulia kisa hicho kama vile babu alipigana vita.

Jioni kanipeleka madukani Dunda kununua doti ya kanga ya kuwapelekea. Mwenye duka anatoa, Bibi anasoma jina, anarudisha. "Hii itasema tunawacheka. Hii itasema tunajitapa. Mwanangu, usinipeleke kwa watu na mafumbo." Mpaka ikapatikana moja yenye dua tu. Nilisimama pale nimeshika kapu, nawaza: kiatu, kiatu, kiatu. Hakuna anayetaka kusikia habari ya kiatu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna shule. Tumekwenda.

Nyumba yao iko nyuma ya pale wanapolala madereva wa malori. Mama yake Sihaba katupokea vizuri, na hilo limenikera zaidi. Ningependa atutukane. Sihaba kakaa mkekani, mdomo umevimba kama andazi. Hawezi kusema. Macho yake yalikuwa yanasema.

Bibi akapiga magoti. Magoti yake mabovu, nilisikia mifupa. "Wenzetu, tumekuja. Mtoto wetu amewakosea." Kisha akanifinya paja chini ya kanga, kwa kucha.

Nikasema. "Nimekosa. Naomba radhi." Kwa kuwa ndilo neno linalosemwa. Ukiingia unasema hodi, ukifiwa unaambiwa pole, ukipeleka radhi unasema nimekosa. Hata sikumtazama Sihaba usoni, nilitazama ukingo wa mkeka.

Mama yake akasema, "Tumepokea. Limekwisha. Nyumba hii halitajwi tena." Akaomba mkasi, akaikata ile doti katikati. Kipande kimoja kampa Sihaba, cha pili kanirudishia mimi. Vikikaa nyumba mbili, neno limezikwa. Bibi akaitikia kwa dua. Kaka yake Sihaba alikuwa mlangoni anapiga video kwa simu, na Bibi alipoiona akajitengeneza mtandio. Mtu mzima huyo.

Kurudi nilikuwa na hasira sitaki hata kusemeshwa. Hasira zilifika Kiwangwa tu, katikati ya njia. Bibi alinunua nanasi.

Ijumaa, 11 Julai

Barua imefika shuleni. Shitaka: mchezo wa hatari, kumgonga mwenzako kichwani. Kikao cha kamati ya nidhamu Jumatano, kwa kompyuta, watu watatu wa Dar.

Mwalimu Mwinshehe, kocha wetu, kaniita ofisini. Kafunga mlango. Kanieleza kama anauza kitu. Kugonga kichwa ni wiki sita. Ukikubali kosa tangu mwanzo na ukaonyesha majuto, wanakata mpaka nusu. Zinabaki tatu. Unarudi kabla ya majaribio.

"Sikufanya kosa, Mwalimu. Kiatu kilimtoka."

"Adila, nani kazungumzia kosa? Hii ni hesabu."

Bibi naye hakuuliza kosa. Watu wazima wa pande mbili, wa kanga na wa kompyuta, hakuna hata mmoja anayeuliza kosa.

Kanitolea mfano wa kijana wa shule moja kubwa ya Dar, mwezi uliopita. Yule alimbeba mwenzake, akamgeuza miguu juu, akamshusha na kichwa. Wote tuliiona ile video. Wiki tatu tu. Kwa nini? Aliandika barua ya majuto, kurasa mbili, Kiingereza kinameta. Mwalimu anasema baba yake ni wakili. Anakisema kama sifa.

Nikauliza, nikipinga nikashindwa?

"Unakula zote. Na usiniangushe mbele ya watu."

Nimefikiri njia nzima kurudi nyumbani. Nimeshaomba radhi mara moja kwa kosa nisilolifanya, na hiyo niliifanya kwa heshima ya Bibi. Mara ya pili itakuwa ya kwangu mwenyewe, ili nipunguziwe. Sitaki. Mtu aliyemsimika mwenzake kama mche wa muhogo na mimi niliyeangukiwa, tuandike insha moja, mwenye sarufi nzuri ashinde?

Napinga.

Jumatano, 16 Julai

Sitaki, lakini nitaandika.

Chumba cha walimu. Kompyuta ya shule, Mwalimu Mwinshehe pembeni yangu. Nyuso tatu kwenye vidirisha. Kiingereza mwanzo mwisho. Kiingereza ninacho, darasani napata A. Lakini kukiandika ni kitu kimoja, na kukitoa mdomoni mbele ya mwanamume mwenye tai ni kitu kingine.

Nilisema habari ya kiatu. Nilisema kwa ufupi mno, najua. Wakaonyesha video ya mechi. Imepigwa kutoka upande wa pili, watu wamesimama mbele, unaniona mimi kuanzia kiunoni, unaona bega, unaona kichwa chake kinarudi nyuma. Miguu haionekani. Kiatu hakionekani. Mwenyekiti akasema hakuna ushahidi wa kiatu.

Halafu akasema ana video nyingine.

Msata. Mimi kwenye mkeka. "Nimekosa. Naomba radhi." Na sauti ya Bibi nyuma, na Bibi anajitengeneza mtandio. Kumbe yule kaka aliipeleka kwenye kundi la wazazi, watu wakaweka mioyo, "mfano mzuri kwa vijana wetu," mpaka ikafika kwao. Kuna chini yake maneno ya Kiingereza ya kutafsiri. Yamepatia kila neno.

Mwenyekiti akauliza: kwa nini Jumatatu ulikosa, na leo hukukosa?

Nilitaka kusema yote, mkono na damu, babu na nazi, kwamba ile ilikuwa ni kwenda kukaa chini ya watu ili usiku walale vizuri. Nikasema tu: ndiyo desturi yetu.

Akaandika kitu. Akasema taratibu, kwa adabu zote, kwa hiyo kwenu mtu huomba msamaha bila kuumaanisha.

Nilimgeukia Mwalimu Mwinshehe. Alikuwa anatazama waya wa chaji.

Alhamisi, 17 Julai

Wiki nane.

Sita za kugonga. Mbili juu yake kwa "kukosa majuto na kubadili maelezo". Mpaka Septemba.

Mimi na Bibi ndio watu pekee tulioomba radhi kwa magoti. Na mimi ndiye nisiye na majuto.

Jumamosi, 19 Julai

Kijana wa Dar amerudi uwanjani leo. Kaweka picha, kashika mpira, tabasamu limejaa kioo kizima. Watu: karibu tena bingwa. Yule aliyeshushwa na kichwa sijui yuko wapi, hajawekwa kwenye picha.

Yasmini kaja. Kakaa kitandani kwangu anakula ubuyu.

"Shosti, ungelia. Kidogo tu, pale kwenye kamera."

"Nilie kwa nini?"

"Siyo kwa nini. Ungelia tu. Wale wanapenda."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika maelezo kuwa alimwona Sihaba anaanguka. Akasema hakuona kiatu, aliona tu kaanguka, na Mwalimu Mwinshehe kamwambia asijiingize, yeye naye ana majaribio. Akanikaribisha ubuyu. Nikamwambia mikono yake michafu. Kaondoka. Vizuri.

Bibi haelewi kabisa. "Tuliomba, wakatoa. Yameisha baina yetu na wenye mtoto. Hao wa Dar, damu yao ipi iliyomwagika?"

Ndipo nikasema. Kwa sauti, mimi. Nikamwambia ni radhi yako iliyonifunga, Bibi. Ungeniacha, nisingekuwa na video. Wewe ndiye uliyewapa kamba.

Bibi alikuwa anachagua mchele. Akaendelea kuchagua, anatoa chuya moja moja, mpaka ungo mzima ukaisha. Nilisubiri anipige. Ningefurahi angenipiga.

Jumanne, 22 Julai

Rufaa ipo. Mwisho Jumatatu ijayo. Lakini hawapokei maneno yangu tena, wanataka ushahidi mpya, na Mwalimu anasema ushahidi mpya ni mmoja tu: aliyeumia mwenyewe aseme. "Bila maneno ya Sihaba usinisumbue."

Nikampigia. Simu ya kaka yake, yule yule wa video. Kaniambia subiri dada, kwa ukarimu, kama vile hajanizika.

Sihaba akasema, "Sema upesi, mdomo unaniuma."

"Kiatu kilikutoka."

Lori likapita kwao, nikalisikia lote mpaka likaisha.

"Najua," akasema.

"Kabla sijakugusa."

"Najua, wewe. Kiatu cha kaka, kinanizidi. Nimekifunga mpaka kifundoni na bado kikabaki nyuma. Nilikuwa nakwenda chini mwenyewe."

Nilikaa sakafuni. Kumbe sikuwa nimeota. "Basi waambie. Maneno hayo hayo."

"Siwezi."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi mtu. Mama kapokea radhi. Kasema halitajwi tena, na limefungwa, kanga imekatwa. Leo nitoke niseme huyu hakukosa – bibi yako alipiga magoti ya nini? Si watu watasema tulimkalisha mtu mzima chini kwa sababu ya kiatu kikubwa? Mama yangu ataiweka wapi sura yake?"

"Na mimi?"

"Wewe ulisema nimekosa. Nilikuwa pale, nilikusikia. Mifupa ya boflo na ulimi wa boflo."

Akacheka. Nyuzi zikamvuta, akaguna kwa maumivu. Nilifurahi zilivyomvuta. Ndiyo, nilifurahi.

Nikataka kukata. Akasema ngoja. Akashusha sauti, kama mama yake yuko karibu. Akasema ukikirudisha kile kipande chenu cha kanga, radhi imerudi, jambo liko wazi, na yeye anaweza kusema lolote kwa yeyote. "Lakini hakuna anayerudisha. Mimi sijawahi kuona. Na mimi sijakwambia kitu."

Kakata yeye.

Ijumaa, 25 Julai

Kipande kiko chini ya mto wangu. Kinanuka duka bado.

Nikikirudisha: Sihaba atasema, Dar watasikia, huenda nikacheza. Na Bibi atakuwa amekwenda Msata kupiga magoti, na mjukuu wake akaja akayafuta. Hakuna wa pwani hii atakayempokea tena akija na doti mkononi. Watasema hao ni wale wanaorudisha.

Nisipokirudisha: Bibi atabaki na heshima yake, na mimi nitabaki mwongo wa Dar, kwenye karatasi, kwa Kiingereza.

Nimemchukia Bibi. Halafu nimesikia anakohoa. Halafu nikamchukia tena.

Jumapili, 27 Julai

Wako hapa. Sasa hivi, ukumbini. Sihaba na mama yake. Nyuzi zimetolewa, wamekuja kuturudishia mguu wetu, na kuku wameleta. Bibi kavaa nguo yake ya Idi. Tangu ile siku ya mchele hatujasemeshana zaidi ya salamu. Nimemwambia shikamoo, kaniambia marahaba, basi. Leo kaniita "mwanangu" mbele ya wageni, kanituma kahawa.

Niko jikoni. Daftari liko juu ya mfuniko wa pipa la maji. Naandika huku nasubiri birika.

Nilipowaamkia, mama yake kanishika kichwa. "Huyu ndiye mtoto. Mpole kweli." Sihaba nyuma yake kanikonyeza. Ana kovu jipya mdomoni, linamfanya aonekane anacheka hata asipocheka. Mama hajui habari za wiki nane. Bibi hakusema, nami sikusema. Halitajwi.

Bibi anawasimulia kisa cha babu na nazi. Nasikia hapa. Amefika pale babu anapovaa kanzu. Mama yake Sihaba anacheka mpaka anapiga mkeka.

Kesho rufaa inafungwa.

Kile kipande nimekikunja nikakitandika kwenye sinia, kama kitambaa. Juu yake vikombe, na kashata pembeni. Upande wenye maandishi uko juu, wataisoma ile dua, na kikifika mbele ya mama yake Sihaba kitakuwa kimerudi. Bado naweza kukitoa. Birika halijachemka. Nimekitoa mara moja, nikakitandika tena.

Sihaba kaingia. Kasema katumwa kunisaidia. Kaliona sinia. Kaliangalia sana. Nilisubiri mdomo wake ule, nikajiandaa, mara hii nilikuwa na jibu kabisa.

Hakusema kuhusu kanga. Kasema, "Linachemka hilo." Kalitoa birika mwenyewe, kamimina, kikombe baada ya kikombe, hata tone halikuanguka. Kisha kanyanyua sinia.

"Niachie mimi," nikasema.

"Utamwaga. Mikono yako ilivyo."

Kaenda nalo.

Kicheko cha ukumbini kimekatika. Kisa hakikufika mwisho, babu bado hajafika kwa yule mtu. Sisikii hata kikombe.

Bibi ananiita. Jina lote, mpaka la babu yangu.